Wema Mdogo wa Sikukuu: Mtoaji Anahesabu Hivi, Mpokeaji Vile

Sikukuu zikikaribia, watu wengi wenye moyo mzuri hukwama mahali pamoja. Wanamkumbuka jirani aliyefiwa mwaka huu, rafiki aliyeachishwa kazi, au shangazi anayeishi peke yake, na wanataka kumfanyia jambo. Kisha wanatazama walichonacho, wanaona hakitoshi, wanaahirisha. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nasi tumeuchukua usemi huo tukaufanya sheria ya kutembeleana: asiye na cha kubeba haendi. Sikukuu inapita, na yule aliyekuwa akikumbukwa hajui kamwe kwamba kuna mtu alimkumbuka.

Nataka kueleza kwa nini hesabu hiyo ina kasoro. Haitokani na roho mbaya, inatokana na upande tuliokaa. Anayetoa anapima kitu anachotoa, anayepokea anapima kukumbukwa. Vipimo hivyo havilingani, na watafiti wa saikolojia wamekuwa wakiichunguza tofauti yake kwa miaka kadhaa sasa.

Katika tafiti hizo, inayonigusa zaidi ni ya Amit Kumar wa Chuo Kikuu cha Texas na Nicholas Epley wa Chuo Kikuu cha Chicago, iliyotoka mwaka 2022. Walikwenda kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu mjini Chicago, wakati wa baridi kali, wakiwa na vikombe vya chokoleti ya moto. Mtu alipewa kikombe akaambiwa anaweza kubaki nacho au kumpa mtu mwingine yeyote pale uwanjani, hata asiyemjua. Aliyeamua kutoa alimwonyesha mtu wake, na mtafiti akampelekea huyo mgeni kikombe na kumwambia kwamba kimetoka kwa yule pale. Watoaji waliulizwa: unadhani jambo hili litaonekana kubwa kiasi gani kwake, na atajisikiaje? Wapokeaji nao wakaulizwa walivyojisikia kweli. Majibu hayakukutana. Watoaji walidhani wametoa kinywaji tu. Wapokeaji walihisi wamefanyiwa jambo kubwa kuliko hapo, na furaha yao ilizidi ile iliyotabiriwa.

Watafiti hao hawakuishia hapo. Katika jaribio jingine walitumia keki ndogo. Baadhi ya watu walipewa keki kwa sababu tu walishiriki katika utafiti, na wengine walipewa keki ileile wakijua kwamba mtu fulani ameamua kuwapa kwa hiari yake. Utamu ulikuwa mmoja, lakini waliojua kuna mtu nyuma ya keki walifurahi zaidi. Watu walioombwa kutabiri matokeo hawakuliona hilo: walidhani keki ni keki, na makundi yote mawili yatajisikia sawa. Kosa letu liko hapo hasa. Tukiwa upande wa kutoa, tunaangalia kilichomo mkononi. Tukiwa upande wa kupokea, tunamwangalia aliyenyoosha mkono.

Ugunduzi kama huo ulijitokeza pia kuhusu jambo dogo kuliko kikombe cha kinywaji, nalo ni kumjulia mtu hali. Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walifanya mfululizo wa majaribio na watu zaidi ya 5,900, wakichunguza kinachotokea mtu anapomtumia salamu rafiki au mwenzake waliyepoteana, bila sababu maalumu. Waliotuma salamu walidhani hazitathaminiwa kama zilivyothaminiwa. Tena kadiri salamu zilivyokuja bila kutarajiwa, ndivyo aliyezipokea alivyozithamini, na watumaji hawakuutilia maanani mshtuko huo mwema. Fikiria maana yake kwa mtu anayejiambia, "Nimenyamaza miaka miwili, nikimpigia leo ataniona mnafiki." Ukimya uleule unaomtia aibu ndio unaoipa simu yake uzito.

Swali linabaki: kwa nini sikukuu? Ukarimu si mzuri mwaka mzima?

Ni mzuri. Lakini sikukuu hubadilisha hali ya anayepokea. Siku za kawaida mtu aliye mpweke ana kazi, ana foleni, ana shughuli za kumsukuma hadi jioni, na upweke wake unapata pa kujificha. Sikukuu inaondoa hayo yote kwa mkupuo. Ofisi zimefungwa, simu za kikazi zimenyamaza, na kila anapotazama watu wamekusanyika. Vivyo hivyo kwa aliyeishiwa: mwezi mwingine wowote anaweza kuficha, lakini siku ambayo watoto wa wengine wamevaa nguo mpya, wa kwake wanaonekana. Pengo ni lilelile la wiki iliyopita, ila sasa limewekewa mwanga. Ndiyo maana jambo ambalo mwezi mwingine lingepita kama adabu ya kawaida, siku hiyo linakumbukwa miaka.

Mchukue mjane katika sikukuu yake ya kwanza bila mumewe. Wanaomtembelea wanajitahidi kuchangamsha mazungumzo, na kwa kumwonea huruma wanakwepa kabisa kulitaja jina la marehemu. Nyumba imejaa watu na hakuna anayesema jambo ambalo kila mmoja analiwaza. Kisha anapiga simu kijana aliyewahi kufanya kazi na marehemu: "Shikamoo mama. Leo nimemkumbuka sana mzee, alivyokuwa akitupokea mlangoni kwa kelele kabla hata hatujabisha hodi." Simu inachukua dakika nne. Kijana anakata akihofia kwamba pengine amemliza mama wa watu bure. Ndiyo, amemliza, na mama huyo atasimulia simu hiyo kwa kila atakayekuja jioni, kwa sababu ndiye pekee aliyemruhusu kuwa na mume wake siku hiyo.

Sisemi kwamba simu moja inatibu upweke. Upweke wa muda mrefu ni jambo zito, hata kiafya. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye uhusiano imara na watu wengine walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 50, wa kuwa hai mwisho wa kipindi cha utafiti kuliko wasio nao. Uhusiano kama huo haujengwi kwa siku moja. Lakini karibu kila uhusiano uliofufuka una siku ulipofufukia, na sikukuu inampa mtu kisingizio halali cha kuvunja ukimya ambacho siku nyingine hana.

Wachumi wamewahi kuuliza swali gumu kuhusu zawadi za msimu huu, na linastahili jibu. Mwaka 1993 Joel Waldfogel, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Yale, alichapisha katika jarida la American Economic Review hoja kwamba zawadi za Krismasi zinapoteza mali. Aliwauliza wanafunzi wakadirie bei ya zawadi walizopokea, kisha waseme wao wenyewe wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa vitu hivyohivyo. Kwa makadirio yake, kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya thamani ya zawadi ilipotea njiani, kwa kuwa mnunuzi hajui vizuri anachotaka mpokeaji. Hoja ni nzuri, na yeyote mwenye kabati lililojaa vitu asivyovitumia anaielewa. Ila tazama alivyouliza: aliwataka wanafunzi waache kando thamani ya kihisia ya zawadi. Kwa maneno mengine, alipima kikombe bila kumpima aliyekitoa. Kwa bidhaa hesabu yake imesimama. Kwa ukarimu, ameacha nje kile ambacho Kumar na Epley walikikuta ndicho kinachobeba uzito.

Nami hoja yake naiona inatetea udogo. Kama hasara inakuja na fedha nyingi zinazomwagwa kwenye vitu vya kubahatisha, basi dawa ni kutoa kidogo na kwa kumjua mtu. Francis Flynn na Gabrielle Adams waliliangalia suala la bei mwaka 2009: watoaji walitarajia zawadi ya bei kubwa ithaminiwe zaidi, lakini kwa wapokeaji bei haikuwa na uhusiano wa maana na shukrani yao. Wale wanaokopa ili wasiaibike msimu wa sikukuu, wakaanza mwaka mpya na madeni, wananunua heshima ambayo wapokeaji wao hawakuwa wameidai.

Kwa anayetoa pia kuna faida, na hapa nitapita haraka kwa sababu jambo hili limeandikwa sana, mara nyingi kwa kutia chumvi. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton waliwapa watu mjini Vancouver bahasha zenye dola 5 au 20, wakawaambia wazitumie kabla ya saa kumi na moja jioni, baadhi kwa ajili yao wenyewe na baadhi kwa ajili ya wengine. Waliotumia kwa wengine waliimaliza siku wakiwa na furaha zaidi, na haikuleta tofauti kama bahasha ilikuwa na 5 au 20. Lilikuwa jaribio la watu 46 tu. Aknin na wenzake walilirudia wazo hilo mwaka 2020 kwa makundi makubwa zaidi: faida ipo, ni ya kiasi, na hutokea zaidi mtu anapokuwa na hiari ya kutoa. Anayeahidiwa kwamba kumpa jirani zawadi kutambadilishia maisha yake mwenyewe anauziwa kitu kisichokuwepo. Atapata jioni njema, na si haba.

Kama kutoa kunapendeza hivyo, mbona tunakukwepa? Kuna jibu zuri lililopatikana msimu wa Krismasi wenyewe. Jeshi la Wokovu lina desturi ya kuweka ndoo nyekundu na mtu wa kupiga kengele nje ya maduka. Ilianza mwaka 1891 mjini San Francisco, pale kapteni wao Joseph McFee alipoweka chungu gatini ili wasafiri wachangie mlo wa Krismasi wa maskini. Wachumi James Andreoni, Justin Rao na Hannah Trachtman walishirikiana na shirika hilo kufanya jaribio nje ya duka kubwa lenye milango mikuu miwili nchini Marekani. Siku nyingine mpiga kengele alikaa mlango mmoja, siku nyingine milango yote. Wakati mwingine alinyamaza, wakati mwingine aliwatazama wateja na kuwaambia, "Tafadhali changia."

Ombi hilo la maneno mawili liliongeza sana michango. Papo hapo likawafanya watu wengi wauzunguke mlango na kupitia mwingine pale walipoweza. Waandishi hawakusema kwamba waliokwepa ni wachoyo. Maelezo yao ni kwamba mtu anajijua: akiangaliwa usoni huruma itaamka na atatoa, kwa hiyo anajikinga mapema. Naona hapo picha ya wengi wetu Desemba. Hatutaki kuonana na mwenye shida kwa sababu tunajua moyo utalainika, na tunaogopa kwamba kitakachotakiwa kitazidi uwezo wetu.

Hofu hiyo ina dawa iliyogunduliwa zamani. Mwaka 1976 Robert Cialdini na David Schroeder walichunguza michango ya nyumba kwa nyumba kwa ajili ya shirika la kupambana na saratani. Kwa kawaida chini ya theluthi moja ya walioombwa walichanga. Yalipoongezwa maneno mafupi tu, kwamba hata senti moja itasaidia, nusu yao walichanga. Wala hawakuchukulia maneno hayo kama ruhusa ya kutoa senti moja: wastani wa mchango wa kila mtu haukushuka. Walichokuwa wanakikosa ni idhini ya kutoa kidogo bila kuona haya. Kwa hiyo ukiwa mratibu wa michango ya sikukuu kazini au mtaani, acha kutangaza kima cha chini. Unadhani kinaongeza fungu, kumbe kinawafukuza wale ambao wangetoa kwa moyo.

Hutajwa pia kwamba wema huambukiza. Ni kweli kwa kiasi. James Fowler na Nicholas Christakis walionyesha mwaka 2010, kwa michezo ya maabara ya kuchangia fungu la pamoja, kwamba ukarimu wa mtu mmoja ulionekana katika tabia ya watu hadi hatua tatu mbele yake, wakiwemo ambao hakukutana nao. Lakini mwaka 2014 Kurt Gray, Adrian Ward na Michael Norton walipima upande mwingine wakakuta jambo la kusikitisha: aliyefanyiwa uchoyo aliupitisha mbele kwa nguvu kuliko aliyefanyiwa ukarimu alivyoupitisha ukarimu. Kwa tafsiri yangu, msimu wa watu waliochoka, foleni ndefu na usafiri uliojaa, kujizuia kumfokea mhudumu ni sehemu ya ukarimu, na huenda ndiyo sehemu yenye matokeo mapana zaidi, kwani neno baya haliishii kwenye kaunta.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila kinachotolewa kwa nia njema kinapokewa kwa furaha. Sivyo. Msaada unaweza kuuma. Mtu anayepokea mbele ya watu, akipigwa picha, akitakiwa ashukuru kwa sauti, amepewa kitu na kunyang'anywa kingine. Watoto wake wakimwona, wanajifunza mahali pao katika jamii kabla hawajajifunza kusoma. Niall Bolger na wenzake waliwahi kuwafuatilia wapenzi waliokuwa na mmoja wao akijiandaa kwa mtihani mgumu wa uwakili mjini New York. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Msaada uliomtuliza zaidi mtahiniwa ulikuwa ule ambao mwenzake alisema ameutoa, lakini yeye hakuuhesabu kama msaada. Vyombo vimeoshwa, simu imepokelewa, shughuli imesogezwa, na hakuna tangazo. Msaada unaoonekana wazi humkumbusha mtu kwamba ameelemewa.

Udogo una faida hapo ambayo ukubwa hauna. Zawadi kubwa ni vigumu kuificha, na huacha deni. Mwanaanthropolojia Marcel Mauss alilieleza hilo mwaka 1925: zawadi huja na wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Asiye na uwezo wa kurudisha hujikuta chini ya aliyempa. Jambo dogo linarudishika. Muuguzi ana zamu usiku wa mkesha wa sikukuu, na mwenzake asiye na watoto anamwambia, "Dada, wewe ingia saa nne badala ya saa moja. Kawalaze watoto kwanza, nitakushikia zamu." Ni muda wa saa tatu tu. Hakuna aliyekuwa mhisani na hakuna aliyekuwa maskini. Mwezi ujao dada huyo atamshikia naye, na uhusiano wao umebaki wa watu wawili waliosimama sawa.

Kuna aina moja ya kutoa ambayo huu ndio msimu wake hasa, na haitajwi inavyostahili: damu. Sikukuu zinapofika, wachangiaji wa kawaida husafiri, shule na ofisi ambako damu hukusanywa hufungwa, ilhali ajali na uzazi havisubiri. Damu haiwekwi akiba kama fedha. Seli nyekundu hudumu takriban siku 42 kwenye jokofu, na chembe zinazogandisha damu, ambazo wagonjwa wengi wa saratani huzihitaji, hudumu siku 5 hadi 7 tu. Zilizokusanywa mapema Desemba hazifiki mwisho wa mwezi. Chupa moja, karibu mililita 450, inaweza kutenganishwa ikawafaa wagonjwa hadi watatu. Mchangiaji hatajulikana na mpokeaji hatadaiwa shukrani.

Mantiki hiyo ya muda inafaa hata kwa mambo mengine. Vituo vya watoto na vya wazee hupokea wageni wengi siku ya sikukuu yenyewe, kisha wiki mbili baadaye ukumbi uko wazi na stoo imeisha. Kama una nafasi ya kwenda mara moja tu, nakusihi usiende siku ambayo kila mtu anakwenda. Nenda tarehe isiyo na jina.

Halafu namna ya kujitolea. Sentensi tunayoitumia sana ni "ukihitaji chochote niambie." Inatoka moyoni, lakini inampa mwenye shida kazi tatu: akiri kwamba amekwama, achague jambo la kuomba, na akisie kama kweli ulimaanisha. Wengi hawaombi. Xuan Zhao na Epley walionyesha mwaka 2022 kwamba wenye shida hudhani kuomba kutawasumbua wengine kuliko kunavyowasumbua kweli, na hawajui kiasi gani msaidizi atafurahi kuombwa. Basi mtoaji awapunguzie kazi hiyo. "Jumamosi naenda sokoni asubuhi, nitapita kwako saa tatu nichukue orodha yako." "Watoto wako waje kwangu mchana, wangu wana hamu nao, nitawarudisha saa kumi." Jambo limetajwa, saa imetajwa, na mtu anaweza kujibu ndiyo au hapana bila kujieleza. Akisema hapana, usimsisitize, na usichukulie kwamba mlango umefungwa. Mwulize tena wiki inayofuata, jambo jingine, na saa nyingine.